Nyama ya Serikali

Salfa inanuka kama kiberiti kilichowashiwa ndani ya pua. Asiyekulia kusini ataniambia nimezidisha, lakini sisi wa mikorosho tunaijua. Alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaanza, mashine za kupulizia zinaanza kunguruma, moja shamba la huku, nyingine kule bondeni, na vumbi la manjano linapanda kwenye matawi kisha linashuka taratibu juu ya kila kitu: nywele, nguo zilizoanikwa, sufuria, mgongo wa mbwa. Chai ya asubuhi ilikuwa na ladha ya salfa, na macho yalituwasha hadi mchana. Hata leo nikipita Nachingwea mbele ya duka wanapouza mifuko ya salfa, navuka barabara, na wala si vumbi linalonivusha. Ni hasira. Kuna watu ambao harufu za utotoni huwarudishia raha, na ninawaonea wivu. Mimi hii inanirudishia uchanja wa bibi yangu, gunia lililotoboka, na neno moja la Kiswahili lililompeleka gerezani.

Nilikuwa darasa la tano. Mama yangu aliuza vitenge sokoni Nachingwea, na kila shule zilipofungwa mwezi wa sita alinipandisha Hiace hadi Ruangwa mjini, na kutoka hapo bodaboda ya mtu aliyemfahamu ilinifikisha nje kidogo ya Mbekenyera, kwa bibi mzaa mama. Bibi Anastazia alikuwa mjane, muumini wa kigangoni, mwenye mikorosho aliyoachiwa na babu na kishamba cha ufuta alichokilima mwenyewe. Lugha yake ilikuwa Kimwera. Kiswahili alikipata ukubwani, sokoni na kanisani, na akakitumia kwa uangalifu kama mtu aliyeazima viatu. Herufi R haikuwamo kinywani mwake kabisa. Barabara kwake ilikuwa balabala, serikali ilikuwa selikali. Mimi mtoto wa mjini nilikuwa namchokoza. "Bibi, sema 'kurarua'." "Kulalua." "Sema 'Ruangwa'." Hapo alikuwa ananikata: "Luangwa ndilo jina lenyewe, hiyo nyingine mmeileta ninyi wa shule." Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu. Ishikeni hiyo R, maana nitaihitaji mbele.

Msimu wa kuuza ufuta ulipofika, Bibi alikuwa na kazi nyingine ambayo kijiji kizima kilimjua nayo: kushona magunia. Wanunuzi walikuja na Fuso zao, wakaweka mizani pale njia panda, na mzigo ukishapimwa Bibi aliufunga mdomo kwa kamba ya katani na shazia, ile sindano nene ya magunia iliyopinda nchani. Alikuwa na mshono wake, wa kurudi nyuma kila baada ya hatua na kufunga fundo masikioni mwa gunia. Alikuwa anajivunia mshono huo kupita hata mikorosho yake. Punje ya ufuta ni ndogo mno; gunia likiwa na kitundu kidogo tu linavuja njia nzima, na kuku wa kijiji wanalifuata nyuma. Magunia ya Bibi hayakuvuja, na kila mnunuzi alilijua hilo.

Ng'ambo ya mto, mwendo mrefu kutoka kwetu, kulikuwa na pori lililokodishwa kwa kampuni ya kuwindisha wageni. Waliliita kitalu. Kwetu watoto, kitalu ni mahali pa kuotesha miche ya mikorosho, kwa hiyo kwa muda mrefu niliamini huko tembo wanaoteshwa kwenye vifuko vya plastiki na kumwagiliwa jioni. Mtu mzima akinieleza leo maana halisi ya neno lile bado naona maana yangu ya kitoto ilikuwa na akili zaidi. Kutoka huko, kiangazi kilipokolea, alikuwa anakuja tembo dume mzee, jino moja refu la kukaribia kugusa majani, jingine limekatikia katikati, na kwenye mguu wa mbele ukucha mmoja umepasuka. Watu walimwita Shemeji. Shemeji akija kula kwako huwezi kumfukuza kwa matusi. Unagonga gonga vyombo tu, ajue mwenyewe kwamba umechoka. Bibi alikuwa anatoka na debe, analigonga kwa mwiko na kumwambia kwa Kimwera kwamba ameshiba, mihogo imetosha, wenzake wanamngoja. Naye alikuwa anasimama kidogo, masikio yakipepea, kisha anageuka na kuondoka bila haraka. Simsafishi. Alimvunjia jirani yetu ghala la mahindi na hakuna aliyemlipa jirani yule. Lakini alikuwa wetu wa kumlalamikia.

Mwezi wa saba, siku chache baada ya msimu wa uwindaji kufunguliwa, tulisikia mlio wa bunduki kubwa mchana. Kesho yake gari la kampuni likaja kijijini limejaa nyama, na nyuma yake gari jingine lina mgeni, mzee wa Kizungu mwenye kofia ya ukingo mpana na mashavu yaliyobabuka kwa jua. Mtendaji wa kijiji alipanda juu ya bodi ya gari na kutangaza: hii ni nyama ya serikali, imepatikana kihalali, mgeni amelipia kibali, kila kaya ije na chombo. Kuanzia hapo hilo ndilo likawa jina lake. Watu walisema nyama ya serikali kama wanavyosema mahindi ya msaada. Mgeni akasema jambo, na dereva akatutafsiria: "Mgeni anasema asanteni sana kwa kumtunzia mzee huyu miaka yote." Tukaambiwa tupige makofi. Nilipiga. Nilikuwa mtoto, nilifanya nilichoambiwa, na mgeni akatugawia biskuti.

Kumtunzia! Nimeishi na neno hilo muda mrefu na bado sijapata namna ya kulimeza. Mtu anakwea ndege, anavuka bahari, analala kwenye hema lenye kitanda na maji ya moto, anaoneshwa mzee anayetembea polepole kwa sababu ana ukucha uliopasuka, anampiga kutoka mbali akiwa na watu wa kumshikia maji, halafu anatushukuru kwa kumtunzia. Nimesomewa hoja zote. Eti wanachukua wazee tu, eti fedha inarudi kulinda pori, eti bila wao tembo wangekuwa wameisha. Mimi sikatai kwamba wako wanaosema hivyo kwa nia njema. Ninachojua ni kwamba meno ya Shemeji yalifungwa kwenye turubai kama mgonjwa, na miguu yake minne ikakatwa ikapelekwa kutengenezwa stuli. Sisi tukapewa kilichobaki na kuambiwa tushangilie.

Bibi aliuona mguu mmoja kwenye gari. Akausogelea, akaugusa ule ukucha. "Huyu si Shemeji?" akamuuliza dereva, na dereva akacheka asijue anaulizwa nini. Bibi alipokea fungu lake kwa sababu kukataa kungeonekana dharau, na kwa sababu mjane wa Mbekenyera haoni nyama kila wiki. Lakini tulipofika nyumbani aliiweka chini, akaitazama, akatazama sufuria, akarudisha sufuria mahali pake. "Shemeji siwezi kumla," akaniambia. "Nitamkausha. Utampelekea mama yako Nachingwea, yeye hawajuani." Alisema kwa mzaha wake ule mkavu, nami nikacheka. Akajenga uchanja wa fito nyuma ya jiko, akaikata nyama vipande virefu, akaipaka chumvi na kuiwashia moshi. Majirani walikula zao siku hiyohiyo na kesho yake. Kijiji kizima kilinuka mchuzi. Ya kwetu ikabaki juu ya uchanja ikiwa nyeusi, ikingoja shule zifunguliwe.

Siku hizo hizo vijana waliokwenda kukata fito kando ya mto waliona tai wengi, wakafuata. Walimkuta tembo jike. Sisi watoto tulikimbilia huko kabla mtu mzima hajatukataza. Ninaandika hili kwa sababu nimeona picha nyingi za mambo haya zimefanywa safi. Haikuwa safi. Uso ulikuwa haupo. Majangili walikuwa wameukata kwa shoka kutoka juu ya macho kushuka, ili wapate jino lote hadi mzizi, na mkonga ulikuwa umelala pembeni peke yake. Nzi walikuwa wengi mpaka mlio wao ulisikika kabla hujafika. Alikuwa ameshavimba na kupasuka. Ndama wake alikuwa amesimama kwenye vichaka, akimsogelea na kurudi, akimsogelea na kurudi, na tulipopiga kelele hakukimbia mbali. Hakuna aliyechukua hata kipande pale. Nyama ilikuwa imeoza na kila mtu aliogopa. Ndama hatukumwona tena.

Mnunuzi mkubwa wa ufuta mwaka ule alikuwa mtu tuliyemwita Tajiri. Jina lake ninalijua na sitaliandika. Alikuwa mcheshi, anajua majina ya watoto, anawapa wazee sukari, na Fuso lake lilikuwa la kwanza kufika na la mwisho kuondoka. Asubuhi ile alikuwa anapakia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake njia panda, shazia mkononi, mimi nikimshikia midomo ya magunia. Wapagazi wawili wakapita wamebeba gunia lililokuwa tayari limeshonwa, na Bibi akaliona. Si uzito alioona wala umbo. Aliona mshono. "Nani kashona hivi?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Mishono ilikuwa mirefu, imekwenda mshazari, na kwenye kona moja kulikuwa na tundu la kuingia vidole viwili. Gunia la ufuta lenye tundu lile lingekuwa limemwaga njia nzima, na lile halikumwaga hata punje. Mimi na Bibi hatukulifikiria hilo wakati ule. Yeye alifikiria jina lake tu, kwamba gunia litafika mjini limeshonwa ovyo na watu watasema Anastazia amezeeka.

Akawasimamisha wapagazi, akainuka, akachomeka shazia kwenye kona. Sindano ikagonga kitu na kugoma. Akasukuma tena, ikateleza ikapinda. "Bwana," akamwambia Tajiri mbele ya watu wote, "gunia lako lina mfupa." Watu wakacheka. Mtendaji alikuwepo, akacheka naye. Tajiri alicheka kuliko wote. "Bibi, macho yameisha. Hicho ni kijiti, wamezoa ufuta na vijiti vyake. Kaa, utajichoma bure." Akawapigia wapagazi mluzi, gunia likapanda juu, mengine yakawekwa juu yake. Bibi alirudi kwenye kigoda akiinyoosha sindano yake kwa jiwe, amenuna kwa sababu ya sindano. Fuso likaondoka kabla ya adhuhuri. Njia nzima hadi barabara kuu hapakuwa na kuku hata mmoja nyuma yake.

Wiki haikuisha. Askari wa wanyamapori walikuja asubuhi ya salfa, vumbi la manjano likiwa bado hewani, na kilichonibaki kichwani hadi leo ni kwamba hawakuuliza njia. Walipita nyumba zote, wakaja moja kwa moja kwa Bibi, wakazunguka jiko na kusimama mbele ya uchanja kama waliochorewa ramani. "Hii nyama ya nini?" "Ya tembo," Bibi akajibu, akifuta mikono kwenye kanga. Kwa nini afiche? "Umeipata wapi?" "Ya selikali." Wakatazamana, mmoja akacheka. Kulikuwa na tembo ameuawa mtoni na hapa pana ajuza ana nyama ya tembo nyuma ya jiko. Walichohitaji walikuwa wamekipata. Mfuko mtupu wa salfa ulikuwa barazani, wakaizoa nyama wakaitia humo. Mimi nilikuwa nalia na kupiga kelele kwamba ni Shemeji, ni Shemeji. Hebu fikiria, mtoto anamwambia askari kwamba nyama ya tembo ni shemeji. Kelele zangu zilimharibia zaidi.

Mama alikuja kutoka Nachingwea siku hiyohiyo na kuanza kuzunguka. Mtendaji alikiri kwamba nyama iligawiwa, akaahidi kuja kutoa ushahidi. Mwenyekiti wa kijiji naye akaahidi. Mama akatulia kidogo. Alidhani ni suala la watu wawili kusema ukweli mbele ya hakimu. Sitaitaja mahakama wala mji wake, na kwa haki nitasema kwamba hakimu hakuwa mtu mkali. Alimwambia Bibi akae kama amechoka kusimama. Kisha mwendesha mashtaka akasoma, haraka haraka, Kiswahili kile cha karatasi ambacho hata mimi mtoto wa shule nilikipata nusu: kwamba mshtakiwa alikutwa akimiliki nyara za serikali bila kibali. Hakimu akamuuliza: "Umesikia shtaka? Ni kweli au si kweli?"

Bibi yangu hakuwahi kulisikia neno nyara. Nani kijijini anasema nyara? Tunasema meno, pembe, ngozi, nyama. Kilichomfikia masikioni, kwa kasi ile na kwa lugha ya kuazima, ni neno alilolijua, lililotangazwa na mtendaji juu ya bodi ya gari watu wakapiga makofi. Nyama za serikali. Nikamwona uso wake ukifunguka. Kumbe walikuwa wameelewa. Kumbe wale askari waliocheka walikuwa wamekosea na huku kwa wakubwa mambo yanajulikana. Akanyooka, akasema kwa sauti ya kigangoni, ile ya kuitikia sala: "Ni kweli. Ya selikali." Akaongeza kwamba tulipewa, lakini karani alikuwa ameshainamisha kichwa anaandika. Wakamsomea maelezo marefu, wakaleta mfuko wa salfa na kumwonyesha vile vipande vyeusi, wakamuuliza tena. "Ni kweli," akasema tena, akigeuka kunitazama na kunitikisia kichwa kwamba mambo yamekwisha, tutakwenda nyumbani. Mama alisimama akaanza kusema, akaambiwa akae chini. Mshtakiwa akishasema ni kweli, hakuna shahidi anayehitajika. Mtendaji na mwenyekiti walikuwa nje kwenye benchi, au hivyo ndivyo walivyosema baadaye; mimi sikuwaona. Bibi alielewa kilichotokea pale tu askari alipomshika mkono kumpeleka upande ambao sisi hatukuwapo.

Sasa niwaambie kinachonichoma, na kinanichoma hadi leo nikiwa na watoto wangu. Kijiji kizima kilikula nyama ile. Mtendaji alikula, mwenyekiti alikula, majirani walikula wakalamba vidole. Walikuwa salama kwa sababu walikuwa wamemaliza. Hakukuwa na cha kukamatwa isipokuwa matumboni. Aliyefungwa ni mtu mmoja aliyeshindwa kumla Shemeji. Na Tajiri, aliyejua vizuri gunia lake lina meno ya nani, aliendelea kununua ufuta mwaka uliofuata na uliofuata tena. Watu waliokuwa njia panda siku ile walikumbuka sindano iliyopinda. Nilisikia wakinong'ona kisimani. Kunong'ona ndiko walikoishia, maana aliyenunua ufuta wa kijiji kizima hagombwi na kijiji. Sijawasamehe. Mama anasema nimekuwa na moyo mgumu, na mimi namwambia ndiyo, nimekuwa nao.

Mama alijaribu kukata rufaa, akazungushwa, akaambiwa kila mahali jambo lilelile: mama yako alikiri mwenyewe, mara mbili. Tulikwenda kumtazama gerezani kila tulipoweza. Alikuwa amepungua, amenyolewa nywele, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya kesi. "Mikolosho imepulizwa?" Haikupulizwa. Hakukuwa na mtu wa kuipuliza, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umekausha maua yote, lakini mama alimjibu kwamba imepulizwa na imezaa vizuri. Nilijifunza siku hiyo jinsi mtu mzima anavyodanganya akiwa amekunja ngumi chini ya kanga. Swali lake la pili alinielekezea mimi, taratibu, kama anayeuliza jambo la aibu. "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Nyala ni kitu gani?" Sikujua. Nilimwambia nitamuuliza mwalimu.

Niliuliza, na nimeendelea kuuliza mpaka nikawa mwalimu mwenyewe. Leo nafundisha Kiswahili sekondari hapa Nachingwea, na neno hilo linapotokea darasani nalifundisha lote bila kuruka. Nyara ni mali iliyotwaliwa vitani. Nyara ni mtu aliyechukuliwa kwa nguvu, ndiyo maana tunasema kutekwa nyara. Na nyara ni jino, pembe, ngozi na hata nyama ya mnyama wa porini. Jino la Shemeji nalo liliitwa nyara, karatasi zake zikapigwa mihuri, likapanda ndege, na leo liko ukutani mahali fulani, wageni wanalisifu wakati wa chakula. Nyama ya Shemeji huyohuyo, ikiwa nyuma ya jiko la mjane, iliitwa nyara pia, na kwa sababu yake bibi yangu ndiye aliyetekwa. Wanafunzi wakiniuliza mbona mwalimu anapandisha sauti kwenye neno moja la msamiati, nawaambia waandike.

Aliachiwa kwa msamaha, wakati wa sikukuu moja ya taifa, pamoja na wafungwa wengine wazee. Alisamehewa. Hilo nalo ni neno linalonikera, kwa sababu sijaelewa hadi leo alisamehewa nini, na nani katika habari hii yote aliyemwomba yeye msamaha. Mama alitaka akae naye Nachingwea, akakataa, akarudi Mbekenyera kwenye mikorosho yake iliyogeuka kichaka. Tajiri ana nyumba ya wageni mjini, ukumbini kuna televisheni kubwa, na wakati wa harambee za makanisa na misikiti hutoa saruji na jina lake husomwa kwa vigelegele. Tembo wamerudi miaka hii, tena wengi, lakini wazee hawamo miongoni mwao. Ni vijana watupu, wakali, wanaofukuza bodaboda na kuvunja nyumba, na debe haliwatishi. Bibi anasema hawajalelewa. Nami nawaza ndama yule aliyekuwa akisogea na kurudi, nashindwa kuwalaumu.

Likizo ya mwaka huu nilikuwa kwa Bibi. Macho yake yamefifia sana, R bado haijafika, na salfa ilikuwa hewani tangu alfajiri. Asubuhi likapita gari na kipaza sauti: kaya zote zifike na vyombo, kuna nyama kutoka kitaluni. Nilidhani atafunga mlango. Akasema, "Nipe bakuli," akanishika mkono, tukaenda kupanga foleni njia panda, pale pale kigoda chake kilipokuwa. Zamu yake ilipofika, kijana mwenye kizibao cha kampuni akanyoosha mkono. "Lete chombo, bibi."

Bibi alikumbatia bakuli lake kifuani. "Kwanza niambie. Hii ni nyama au nyala?"

Kijana akacheka, na nyuma yetu wengine wakacheka. "Sema vizuri, bibi. Nyara."

Niliinua mkono, nakiri ningemzaba kofi, lakini Bibi alinibana kiwiko nikatulia. "Wewe unajua kuisema," akamwambia. "Basi niambie ni ipi."

Kijana akamtazama dereva. Dereva akatazama usukani. Kicheko kilikatika kwenye foleni, kwanza kwa wazee waliokumbuka, kisha kwa wengine walioona wazee wamenyamaza. Bibi alisubiri, uso ameuelekeza pale sauti ilipotokea, na kijana akahangaika na kisu chake, kisha akatoa jibu alilofundishwa.

"Ni ya serikali, bibi."

"Ndivyo nilivyojibu na mimi," Bibi akasema.

Akanishika mkono, tukarudi nyumbani na bakuli tupu. Nyuma yetu foleni ilikuwa bado haijasogea.